Ngitili ya Marehemu

Mimi ni mtu wa usafi, na usafi umenikosanisha na watu wengi kuliko ulimi wangu, ingawa ulimi nao haujambo. Nimelelewa Kolandoto, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, ambako baba yangu alikuwa akifua mashuka ya wagonjwa. Pale kila njia ilikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, kila nyumba ilikuwa na kibustani chake, na mtoto aliyekanyaga maua alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Makaburi yetu nayo yalikuwa hivyo hivyo: sementi, msalaba, mawaridi, na kila Pasaka ilipokaribia tulikwenda wote kung'oa magugu. Kwa hiyo serikali ilipojenga bustani ya kumbukumbu juu ya machimbo yaliyomfukia mume wangu, watu wengi waliona maua. Mimi niliona kaburi, nikaanza kulitunza.

Bustani iko upande wa Geita, mwendo wa bodaboda ukitoka Nyarugusu, mahali ambapo zamani palikuwa na maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na vibanda vya maturubai ya bluu. Sasa pana uwanja wa nyasi, njia ya vitofali vyekundu, mabenchi ya zege, mijohoro iliyopandwa kwa mstari, mlingoti wa bendera, na ukuta mweusi unaong'aa wenye majina ya waliofukiwa. Kote kumezungushwa seng'enge, na langoni pana kibao kinachosema ni marufuku kuingiza mifugo. Mtu aliyekiandika kile kibao alikuwa na nia njema kabisa. Ndicho kilicholeta maneno yote nitakayoyasimulia hapa.

Ninaishi senta, karibu na hapo, nikishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la mtu. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nachukua ufagio, ndoo na kitambaa, naenda bustanini. Jina la mume wangu liko chini kabisa, kwenye kona, kama kawaida ya mtu asiyejua kupigania nafasi. Nililazimika kupiga magoti ili nilipanguse. Nikimaliza la kwake napangusa na ya jirani zake, kwa sababu si vizuri kumnawisha mmoja na kuwaacha wenzake na vumbi. Halafu nakaa kwenye benchi, nazungumza naye kidogo, nikiangalia nyuma kwanza kama hakuna mtu.

Na kwa kawaida hapakuwa na mtu. Mwaka wa kwanza watu walijaa mpaka nje ya seng'enge. Walikuja viongozi na magari yao, kwaya, mashehe na maaskofu, na watu wa televisheni waliotuomba tulie kidogo upande wa kwenye mwanga. Mwaka uliofuata walikuja wachache. Baada ya hapo waliokuja sana walikuwa maharusi. Huku kwetu kiangazi hakuna jani bichi popote, sasa bibi harusi afanyeje na yeye anataka picha penye kijani? Nimewahi kupangusa majina huku nyuma yangu mpiga picha anapaza sauti, "Mama, samahani, sogea kidogo, unaingia kwenye picha." Nikasogea. Nilikuwa na hasira siku ile kiasi kwamba mshono wa sare za wiki nzima ulikwenda upande.

Niseme habari za mume wangu. Nilimpata hapo hapo Kolandoto, siku alizokuja kumuuguza mama yake. Mimi nilikuwa namsaidia baba kuanika mashuka, yeye akawa anapita kwenye kamba zetu kila asubuhi, ana kisingizio hiki na kile. Alikuwa Msukuma wa Msalala, mrefu, mcheshi, na habari yake ilikuwa moja tu: ng'ombe. Baba yake alikuwa na zizi kubwa lililozungushwa minyaa, lakini ukame ulikuja, magonjwa yakafuata, na ng'ombe wakaisha. Mzee naye hakukawia kuwafuata. Mume wangu aliniambia jinsi walivyomzika. Walimfunga kwenye ngozi ya dume, wakamzika katikati ya zizi lake mwenyewe, kisha wakaazima ng'ombe wa majirani jioni ile wakawapitisha juu, wakakanyaga na kukanyaga mpaka hakuna aliyeweza kusema kaburi liko wapi.

"Baba yako anakanyagwa na ng'ombe?" nilimwuliza. Nilikuwa nimeacha kula.

"Ndiyo."

"Na kinyesi juu?"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Binti wa hospitali! Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mwanamume analala chini ya ng'ombe wake. Asiye na ng'ombe ndiye wa kuhurumiwa."

Nikamwambia akifa kabla yangu nitamjengea kwa sementi na kumpandia mawaridi, apende asipende. Tulitaniana hivyo mara nyingi. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo utani ulikuwa mwingi ndani ya nyumba yetu, maana kimya nacho kilikuwa kinatafuta nafasi. Alikwenda kwenye machimbo kwa jambo hilo hilo moja: apate ng'ombe wa kuanzia, arudi, alifufue zizi la baba yake. Nikamfuata na cherehani yangu.

Juu ya siku yenyewe sitasema mengi. Masika yalikuwa mazito, ardhi ikalainika, na maduara yaliyokuwa yameungana chini kwa chini yakaanguka pamoja mchana, watu wakiwa ndani. Nchi nzima ilijua. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, redio zikapiga nyimbo za dini. Walichimba kwa mashine na kwa mikono, wakawatoa wengine, kisha kifusi kikaanza kushuka tena juu ya waokoaji, na ikabidi waache. Wakasoma dua na sala juu ya udongo, wakatangaza kwamba hapo pawe kaburi la wote waliobaki. Mume wangu ni katika waliobaki.

Tangazo lile mama mkwe hakulikubali. Yeye anaishi bado kijijini kwao, si mbali na Segese, na nyuma ya nyumba yake lile zizi lipo, minyaa imerefuka, ndani hakuna kitu. Kwao msiba huisha siku ndugu wa marehemu wanapomnyoa mjane nywele na kumwambia sasa uko huru, endelea na maisha. Mimi sikunyolewa. Ndugu walipokutana kumaliza msiba, yeye alikaa mlangoni, miguu ameinyoosha, akasema hakuna wembe utakaotoka siku hiyo.

"Mtu hazikwi na hotuba," alisema. "Mwanangu hajazikwa. Mkimnyoa huyu, mtakuwa mmemnyoa kwa msiba wa nani?"

Ndugu wakatawanyika. Nikabaki na nywele zangu chini ya kitambaa, mke wa mtu ambaye kwa serikali amekufa na kwa mama yake bado hajafa vizuri. Senta waliniheshimu na kunikwepa. Mjane ambaye hajaachiliwa hakai na wenzake akacheka kwa sauti, haendi ngomani, na mwanamume akimsalimia mara mbili watu wanageuza shingo. Nilikuwa mpweke, tena upweke wa kijinga, kama mtu aliyesahauliwa kwenye foleni. Nilikuwa nikitaka kitu kimoja tu, yule mama aje aone bustani, aone jina la mwanawe kwenye jiwe zuri vile, akubali kwamba hilo ni kaburi, aniachie. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimwomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu." Aliniita mayu, mama, kama Wasukuma wanavyomwita hata binti mdogo.

"Twende basi ukaone. Nimepanda mawaridi."

"Siendi kusalimia maua."

Ndivyo alivyojibu miaka yote.

Kisha mtunza bustani aliyekuwa akilipwa na serikali akaondoka, sijui kahamishwa au kachoka, na hakuletwa mwingine. Mashine ya kukatia nyasi ilikwenda naye. Niliweza kufagia, niliweza kumwagilia mawaridi kwa ndoo, lakini nyasi za uwanja mzima zingenishinda. Masika yakanyesha, nyasi zikapanda mpaka kwenye magoti, nzito, zinayumba. Maharusi wakaacha kuja kwa kuogopa nyoka. Nikabaki mimi na majina, na nikajisemea afadhali.

Kiangazi kilipokolea, Jumapili moja nikakuta bustani ina wageni. Ndama walikuwa wamelala mbele ya ukuta, wanacheua, wametulia kama wenye hati ya kiwanja. Ng'ombe mmoja mzee, mbavu zinahesabika, alikuwa anajikuna shingo kwenye kona ya jiwe, kona ile ya mume wangu. Kinyesi kilikuwa kwenye vitofali, kwenye nyasi, chini ya benchi langu. Mawaridi yalikuwa yamebaki vijiti.

Nilipiga kelele ambazo sikujua kama ninazo. Nikawaendea na ufagio. Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye ng'ombe hao, akatoka kwenye kivuli cha mijohoro akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Mwadila, mayu," akanisalimia.

Sikuitika. Kwa watu wa huku, kumnyima mtu salamu ni sawa na kumpiga kofi, nami nilikusudia hivyo.

"Nani amekupa ruhusa kuingiza ng'ombe humu?"

Alishangaa kweli. "Kwani haijafunguliwa? Kiangazi si ndiyo hiki?"

"Haijafunguliwa nini?"

"Ngitili."

Kwa asiyejua, ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza. Hakuna kuingiza mnyama, nyasi zinaachwa zikue, kila mtu analinda. Kiangazi kikibana, inafunguliwa kwa ajili ya wanyonge kwanza: ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa wasioweza kutembea mbali kutafuta majani.

"Hii siyo ngitili!" nikamwambia. "Hii ni bustani ya kumbukumbu! Huna macho?"

"Macho ninayo, mayu. Nimeona pamezungushwa. Nimeona kibao kinakataza mifugo. Nimeona nyasi zimeachwa, hazikatwi. Tumelinda masika yote. Hata mbuzi mmoja hajaingia humu, uliza kitongoji kizima." Alisema hilo kwa fahari, na kwa kweli nilikuwa sijawahi kuona hata ukwato mmoja. "Sisi tulijua serikali imewatengea wafiwa malisho. Tulijua ni rambirambi. Tukasema hawa wametuelewa, wamejua msiba wa huku unafutwa na nini. Mdogo wangu naye yuko kwenye huo ukuta."

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo. Mimi nilimwita mchunga asiye na akili, nikamwambia mdogo wake anamwonea aibu. Alivaa kofia yake, akawaamsha ndama mmoja mmoja kwa kuwagusa na fimbo, akawatoa. Nikabaki nikisugua vitofali kwa maji ya kuazima, huku nalia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimemuahidi mume wangu sementi na mawaridi, na hata hilo dogo nilikuwa nimeshindwa kumtunzia.

Nilitaka mtu wa kukasirika pamoja naye, na sikuwa na mtu. Kwa hiyo siku iliyofuata nikapanda gari la Segese, nikaenda kwa mama mkwe.

Nilimkuta akianika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, juu ya mwamba ulio mbele ya nyumba yake. Nikamwamkia, nikaanza kumwaga moyo kabla hata sijakaa. Alinisikiliza bila kuinua kichwa, vidole vikigeuza michembe. Kisha vidole vikasimama.

"Ng'ombe wameingia pale?"

"Wameingia, mama! Kundi!"

"Walilala?"

Niliona swali la ajabu. "Ndama walikuwa wamelala."

"Wapi?"

"Pale pale ukutani. Mbele ya jina lake."

"Walikunya?"

"Kila mahali! Nimesugua mpaka mikono imechubuka."

Hapo akainua uso. Sijawahi kuona uso ule, si Kolandoto alipokuwa mgonjwa, si siku ya msiba. Akageuka akaliangalia zizi tupu lililo nyuma ya nyumba, akaliangalia muda mrefu, na mimi, binti wa hospitali, ndipo nikakumbuka ngozi ya dume, na ng'ombe wa kuazima, na mume wangu akicheka mpaka anapaliwa.

"Ngoja nivae," alisema.

Tulifika bustanini jua likiwa limeanza kulegea. Hakutazama ukuta, hakutazama majina. Alitembea ameinamisha kichwa kwenye nyasi kama mtu aliyedondosha kitu, na mimi nikaona aibu ya usafi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sababu nilikuwa nimefuta karibu kila kitu. Karibu na mwisho wa uwanja akapata pande moja la kinyesi, limeanza kukauka, lina alama ya ukwato katikati. Akachuchumaa, akaliokota, akalivunja kwa kiganja.

"Mdomo wa duara ulikuwa wapi?"

Nikamwonyesha. Ulikuwa hapo hapo chini ya nyasi, hatua chache mbele ya ukuta.

"Nenda kamlete yule mtu."

"Mama, nilimtukana."

"Basi mwombe radhi, umlete. Mwambie alete ng'ombe wote, siyo wanyonge tu."

Nilikwenda. Boma lake liko ng'ambo ya barabara, ng'ombe ndiyo kwanza walikuwa wanarudi. Safari hii nilianza mimi, nikamwambia mwadila, na akaitika kana kwamba hatujawahi kuonana. Nilipomweleza anayemwita na kwa nini, hakuuliza la pili. Alivua kofia, akamwita mkewe, wakaligeuza kundi zima kabla halijaingia zizini.

Lango lile la bustani halikai wazi lenyewe. Lina springi, linajirudisha. Mtu ilibidi alishike. Nikalishika mimi. Walipita mbele yangu, madume, majike, mitamba, vumbi na harufu na kwato kwenye vitofali vyangu vyekundu, na yule mtu na mkewe wakawazungusha taratibu pale mbele ya ukuta, huku na huku. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati yao, mdogo, kitenge chake kinaguswa na mikia. Alikuwa akimwita mwanawe. Hakuwa akilia, alimwita kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye mbali shambani, jina lake na la baba yake, akimwambia kwa Kisukuma kwamba ng'ombe wamefika. Yule mwanamume naye akamwita mdogo wake. Walipomaliza, nyasi zilikuwa zimelala zote, udongo umevurugika, na hakuna aliyeweza kusema mdomo wa duara ulikuwa wapi.

Asubuhi, nyumbani kwangu, mama mkwe alinikalisha kwenye kigoda akatoa wembe. Nywele zilianguka kwenye kanga, zilikuwa na mvi ambazo nilikuwa sizijui.

"Amezikwa," alisema. "Sasa uko huru, mayu. Nenda popote utakapo."

Alikunywa uji vikombe viwili, akalala usingizi mzito mpaka adhuhuri, kisha akaniaga kwa furaha, akapanda gari akarudi kwake. Nililiangalia gari lile likitokomea, na ndipo hofu ikanishika. Miaka yote nilidhani yule mama amenifunga. Kumbe muda wote ule aliokataa msiba uishe tulikuwa wanawake wawili tunamsubiri mtu mmoja. Sasa yeye alikuwa amempokea wake, amemlaza, amekwenda kulala. Kwa upande wangu hakuna aliyekuwa anasubiriwa tena, na sikuwa na mtu wa kumbembeleza aje.

Jumapili nilichukua ufagio kwa mazoea nikaenda. Yule mwenye ng'ombe alikuwa amesimama nje ya lango na kundi lake, hajaingia, ananingoja mimi nifungue.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," nikaitika, nikalifungua lango, nikalishikilia. Ng'ombe walipopita wote niliinua mkono kuweka sawa kitambaa changu, kikateleza mpaka mabegani, maana kichwani hapakuwa na kitu cha kukizuia.